Kori 14 za seva au i3 mpya kwa video za harusi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Chake Chake. Nimelifupisha, ila maneno ni yake mwenyewe:

"Assalaam alaykum, fundi. Napiga na kuhariri video za harusi, upande wa kinamama. Kamera yangu inapiga 4K kwa H.265, biti 10, 4:2:2, na nahariri kwa Premiere Pro. Leptopu yangu imechoka, kila nikibonyeza kucheza picha inakwama. Nina milioni moja na laki mbili. Muuzaji mmoja wa Unguja ananipa kompyuta iliyotumika yenye prosesa ya seva, Xeon E5-2680 v4, kori 14, RAM 64, na kadi ya picha GTX 1650. Kwa pesa hizo hizo napata mashine mpya ya Core i3-12100, kori 4, RAM 16. Kila niliyemuuliza kaniambia i3 ni ya kuchapia barua, na mimi kusema kweli kori 14 zinanivutia. Nichukue ipi?"

Waalaykumu salaam, dada yangu. Chukua i3.

Nimelitanguliza jibu kwa sababu biashara ya vitu vilivyotumika haingoji, na huenda muuzaji ameshakupigia simu mara mbili leo. Lakini nisome mpaka mwisho kabla hujatuma pesa. Kwenye hizo i3 kuna herufi moja inayoweza kukuharibia kazi yote, nitaifikia. Na pia sitaki uidharau ile Xeon. Ni prosesa nzuri, ila kazi yako si kazi yake.

Hiyo E5-2680 v4 ilitoka mwaka 2016, na Intel waliiwekea bei ya dola 1,745 prosesa peke yake, bila mashine. I3-12100 ilitoka Januari 2022 kwa dola 120 na ushei. Mtu akisikia hivyo anasema, kitu cha dola 1,745 kitashindwaje na cha dola 120? Lazima uulize bei ile ililipia nini. Walioinunua ni watu wenye vyumba vilivyojaa seva zinazowaka usiku na mchana: benki, kampuni za simu, wenye huduma za intaneti. Seva moja huhudumia watu mamia kwa wakati mmoja. Huyu anaangalia salio, yule anafungua barua pepe, mwengine anatafuta tiketi ya boti. Kila mmoja ana kijikazi chake, na hakuna anayemngojea mwenziwe. Hapo unahitaji mikono mingi, hata kama kila mkono unakwenda taratibu. Mikono hiyo ndiyo kori: kila kori ni mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa. Ndiyo maana ina kori 14, ndiyo maana inazungumza na RAM kwa njia nne badala ya mbili, ndiyo maana inakubali RAM inayojisahihisha makosa yenyewe. Hata ile 2 mwanzoni mwa 2680 ina maana yake: prosesa mbili za aina hiyo zinaweza kukaa kwenye mazabodi moja, ule ubao mkuu wa ndani ya mashine. Vyumba hivyo hubadilisha mashine kila baada ya miaka kadhaa, na zile za zamani humwagika sokoni kwa wingi. Kwa hiyo bei imeanguka kwa sababu zimezagaa na zinakula umeme, wala si kwa sababu ni mbovu.

Wewe uko peke yako mbele ya kioo. Unabonyeza kucheza, unangoja. Unakata klipu, unangoja. Muda wako unaliwa na kazi moja moja inayotakiwa kumalizika sasa hivi.

Wewe ni mtu wa Pemba, karafuu unazijua kuliko mimi. Msimu ukifika, magunia yanaingia uani jioni, majamvi yanatandikwa, nyumba nzima inakaa kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Mkiwa wanne mnakesha. Wakija majirani kumi, mnamaliza mapema na watu wanakwenda kulala. Kazi ya kuchambua inagawika. Asubuhi karafuu zinaanikwa, na hapo hata ukileta kijiji kizima hazitakauka haraka zaidi, maana zinangoja jua. Kompyuta nayo ina kazi za kuchambua na kazi za kuanika. Kori nyingi zinasaidia kuchambua. Kwenye kuanika kinachosaidia ni ukali wa jua, yaani kasi ya kori moja.

Basi tulinganishe jua. Kori ya Xeon hiyo inapanda mpaka gigahezi 3.3 ikiwa peke yake au na mwenzake, na zote zikifanya kazi zinateremka karibu na 2.9. Kori ya i3 inapanda mpaka 4.3. Tena gigahezi peke yake haisemi yote, kwa sababu kori ya 2022 inafanya mambo mengi zaidi katika kila pigo kuliko ya 2016. Ukijumlisha hayo mawili, kori moja ya i3 inakwenda zaidi ya mara moja na nusu ya kori moja ya Xeon. Zikishindana zote kwa pamoja, 14 dhidi ya 4, Xeon iko mbele, lakini si mara tatu na nusu kama namba zinavyokudanganya.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua kazi inayoichukua kori moja ya Xeon dakika 100, na tuseme dakika 60 zinagawika na 40 hazigawiki. Kwenye Xeon zile 60 zinagawanywa kwa 14, zinabaki kama 4, jumla dakika 44. Kwenye i3 zile 60 zinagawanywa kwa 4, zinakuwa 15, ukiongeza 40 unapata 55. Kisha gawa kwa moja na nusu kwa ajili ya kasi ya kori: dakika 37. Ile ndogo imetangulia. Sasa badilisha kazi, iwe dakika 95 zinagawika na 5 tu hazigawiki. Xeon inamaliza kwa dakika 12, i3 kwa 19. Mambo yamegeuka. Kanuni hii imeandikwa tangu 1967 na Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani aliyebuni kompyuta kubwa za IBM, na mpaka leo hakuna aliyeikwepa. Kwa hiyo swali lako la kweli ni kwamba kazi yako imekaa upande gani, na hilo unaweza kuliona kwa macho.

Nilikaa na kijana mmoja hapa Mlandege anayehariri kwa mashine ya jamii hiyo hiyo ya Xeon. Alikuwa analalamika kwamba virusi vimeingia. Nikamwambia abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, nikamwonyesha namna ya kugawa ile grafu ili kila kori ionekane na kisanduku chake. Vikajitokeza visanduku 28, kwa sababu kila kori inajihesabu mara mbili. Akacheza klipu ya bibi harusi anaingia ukumbini, yenye marekebisho ya rangi na kituliza mtikisiko. Visanduku viwili vikajaa mpaka juu na kubaki pale pale. Vilivyobaki vilikuwa vimelala chini, kimoja kinanyanyuka kidogo kisha kinarudi. Juu ikaandikwa kwamba prosesa nzima inatumika chini ya asilimia 20, na huku picha imeganda, bibi harusi mguu mmoja hewani. Kijana akaangalia kwa muda bila kusema neno. Hakukuwa na virusi. Kulikuwa na wafanyakazi ishirini na kitu waliokaa kuwangojea wawili.

Kwako wewe lipo jambo zito zaidi ya hilo, nalo ni ile 4:2:2.

Kamera inapobana video kwa H.265 haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja moja kamili, na nyengine inazieleza kwa tofauti zake na jirani zake. Ndiyo maana faili linakuwa dogo, na ndiyo maana kulifumbua ni kazi: ili uone fremu moja, mashine lazima ifumbue na jirani zake. Biti 10 maana yake kila rangi ina ngazi 1,024 badala ya 256. Na 4:2:2 maana yake kamera imehifadhi taarifa za rangi mara mbili ya zile za 4:2:0 tulizozoea kwenye simu. Kwa harusi ni neema. Ngozi, hina, dhahabu na nakshi za nguo nyekundu chini ya taa za ukumbi zinatoka vizuri ukirekebisha rangi. Lakini mzigo wa kufumbua umeongezeka.

Mzigo huo unaweza kubebwa na kori za prosesa kwa nguvu tu, au na kipande maalumu kilichochongwa kwa kazi hiyo peke yake. Intel wanakiita Quick Sync, na kinakaa ndani ya sehemu ya picha ya prosesa. Kuanzia kizazi cha 11, Quick Sync inafumbua H.265 ya biti 10, 4:2:2. I3-12100 ni kizazi cha 12, ina sehemu ya picha inayoitwa UHD 730, na kipande hicho kimo. Premiere Pro inakijua na inakitumia. Ile Xeon haina sehemu ya picha kabisa, maana seva haina haja ya kioo. Utasema, lakini ina GTX 1650. Kweli, na GTX 1650 inafumbua H.265 vizuri ikiwa ni 4:2:0. Ikiwa ni 4:2:2 haiiwezi. NVIDIA wameiongeza kwenye kadi za RTX 50 tu, zilizotoka 2025. Kwa hiyo klipu zako zikiingia kwenye mashine ile, kadi inanyoosha mikono, na kori 14 zinabeba mzigo ambao kijipande kidogo ndani ya i3 kinaubeba bila kutoka jasho. Hili peke yake lingenitosha kukujibu.

Na ndiyo hapa herufi yangu inapokuja. Sokoni kuna i3-12100 na kuna i3-12100F. Zinafanana kwa kori, kwa kasi, kwa sanduku, na yenye F huwa na bei nafuu kidogo. F maana yake sehemu ya picha imezimwa. Imezimwa na Quick Sync yake. Muuzaji anaweza kukuuzia yenye F bila nia mbaya, akakuwekea na kadi ndogo ya zamani ili kioo kiwake, nawe ukarudi pale pale ulipotoka. Usikubali. Na siku ukiongeza kadi ya picha, mazabodi nyingi huizima UHD 730 zenyewe zikiona kadi imeingia. Mwambie fundi aingie kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, airudishe iwake pamoja na kadi.

Sitakuficha udhaifu wa i3 yako. UHD 730 ni hodari wa kufumbua na kubana, lakini ni dhaifu kwenye efekti. Ukipanga rangi kwa tabaka tatu, ukaongeza ukungu wa kupamba na maandishi yanayopepea, itapumua kwa shida, na hapo GTX 1650 ingeishinda. Kwa hiyo panga kwamba harusi kadhaa za mwanzo zitalipia kadi. Hata GTX 1650 hiyo hiyo inatosha kuanzia, kwa sababu aina nyingi za kadi hiyo zinachukua umeme wao wote, wati 75, kwenye tundu la mazabodi bila waya wa ziada. Mashine yenye i3 na kadi hiyo ndiyo ningeiweka kwenye meza yako.

RAM nayo iangalie. 16 inatosha kuanza, 32 ndiyo raha. Mazabodi nyingi za bei ya chini zina matundu mawili tu ya RAM. Ukipewa vijiti viwili vya 8 matundu yamejaa, na siku ya kuongeza utalazimika kuvitoa vyote. Omba kijiti kimoja cha 16, kisha ongeza mwenzake upesi uwezavyo, kwa sababu UHD 730 inakula kwenye RAM hiyo hiyo, na ikipita njia moja badala ya mbili inapungua nguvu. Zile 64 za Xeon usizihesabu kama akiba ya kuhamishia. Kwa kawaida ni RAM za seva za aina nyengine, na hizo kwenye mazabodi ya i3 haziwaki.

Sasa umeme, jambo ambalo wengi hulipita wakiwa dukani na kulikumbuka nyumbani. Unguja ilikaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 waya wa baharini ulipoharibika. Miezi ile mitatu nilifanya kazi kwa jenereta la kuazima, na ndipo nilipojifunza kuhesabu wati za kila kifaa kabla ya kukichomeka. Nyinyi Pemba mnapata umeme kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na hali ni nzuri kuliko zama za majenereta ya Wesha, lakini umeandika mwenyewe mwisho wa barua yako, sehemu niliyoikata juu, kwamba unakatika. Basi hesabu nami. Xeon imeandikiwa wati 120. I3 imeandikiwa 60, na ikikazwa inafika 89. Tuseme mashine mbili zikiwa kazini zinapishana wati 100, ukiingiza na kadi ya picha. Saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni yuniti 21 hivi. Zidisha na bei unayonunulia umeme wako, kisha zidisha kwa miezi 12, uone inakaribia harusi ngapi.

UPS, ile betri inayoishikilia mashine umeme ukikatika, inaonyesha tofauti hiyo kwa ukali zaidi. Zile ndogo zinazouzwa sana, za VA 650, nyingi zina betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7. Ukizidisha unapata wati-saa 84. Mashine inayovuta wati 250 pamoja na kioo ingekwenda dakika 20 kwenye karatasi, na yenye kuvuta 120 dakika 42. Kwenye meza ya kweli hupati hata nusu ya hizo, kwa sababu betri ikinyonywa haraka haitoi vyote ilivyonavyo, na betri ikizeeka hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa i3 utapata muda wa kuhifadhi kazi, kuzima kwa utaratibu, na hata kumalizia sentensi ya simu. Kwa Xeon utakimbilia kibodi.

Wati hizo hizo zinarudi kama joto. Kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Februari, chumba chako cha kuhariri kina joto hata bila mashine. Ukiongeza mashine kubwa, feni zinapiga kelele na zinavuta hewa nyingi zaidi, na hewa yetu ina chumvi. Niliwahi kufungua mashine ya studio iliyo karibu na pwani, haikuwa inawaka. Nikatoa kijiti cha RAM, yale meno yake ya dhahabu yalikuwa na ukungu wa kijani pembeni, kama sarafu iliyosahaulika kisimani. Nikachukua kifutio cha penseli cha mwanafunzi, nikayasugua taratibu upande mmoja mpaka yakang'aa, nikapangusa vumbi la kifutio, nikakirudisha. Ikawaka. Mashine yako ifanyie hivyo hivyo ikigoma baada ya masika, kabla hujamlipa mtu. Ila chomoa waya wa umeme kwanza, na ushike chuma cha kasha kabla ya kugusa ndani.

Vipuri. Mashine nyingi za kazi nzito za kampuni kubwa, zile ambazo Xeon hizi hukaa ndani yake, zina pawa saplai ya umbo lake na soketi zake. Ikiungua huwezi kwenda duka lolote la Chake Chake ukanunua nyengine. Utaagiza, utangoja boti, na huku watu wanataka video yao. Zipo pia mazabodi mpya za bei rahisi zinazotengenezwa kwa ajili ya Xeon hizi zilizotumika, nyingi zikiwa na vipande vilivyotolewa kwenye mazabodi za zamani. Nilinunua moja hivyo, ikafanya kazi miezi mitano, asubuhi moja ikakataa, na aliyeniuzia hakuwa na nyengine wala dhamana. Sikuweza hata kuiuza prosesa yake hapa, kwa sababu hakuna mwenye tundu la kuiwekea. I3 yako inatumia pawa saplai ya kawaida na RAM ya kawaida, na tundu lake linapokea prosesa kubwa za kizazi cha 12 mpaka cha 14. Siku kazi ikikua unabadilisha prosesa, si mashine.

Windows tulipite haraka. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na E5 v4 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Watu wanailazimisha na inawaka, lakini mtu anayeishi kwa mashine hiyo sipendi alale na kitu cha kulazimisha.

Sasa niseme haki ya Xeon. Mtu akinijia anayetoa michoro ya majengo ya pande tatu kwa Blender, kazi inayogawika karibu yote, na hana haja ya kufumbua video, ningemwambia aifikirie sana. Skuli inayotaka mashine moja ya kuendesha ndani yake kompyuta nne au tano za programu tu, kila moja na kazi yake, ningeiambia hivyo hivyo. Na mahali penye kumbukumbu za watu zisizotakiwa kubadilika hata herufi, kama orodha za wagonjwa au mahesabu ya akiba, ile RAM inayojisahihisha ina thamani kubwa. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kutolewa 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vya RAM vilipatwa na kosa ndani ya mwaka mmoja. Kwenye video kosa kama hilo huenda likawa doa la nukta moja kwenye fremu moja, hakuna atakayeliona. Kwenye namba ya dawa ni habari nyengine kabisa. Ila skuli ikinijia inataka seva ya kuwekea mafaili tu, nitaiambia hata i3 inatosha, pesa ziwekwe kwenye diski mbili nzuri.

Kama mpaka hapo Xeon bado inakuvuta, au pesa ulishazitoa kabla ya jibu langu kufika, usihuzunike, kuna njia. Tengeneza proksi. Premiere inaweza kukunakilia klipu zote kwa ubora mdogo na kodeki nyepesi, yaani mbano ulio rahisi kufumbua, ukahariri hizo, na mwisho ikazirudisha klipu halisi wakati wa kutoa video. Kutengeneza proksi kunagawika vizuri, kori 14 zitafurahi. Iache usiku ifanye, asubuhi ukae na kazi laini. Na mashine yoyote ya Xeon usiilipie kabla ya kuona jina la prosesa kwenye programu ya CPU-Z. Yenye maandishi ya ES ni ya majaribio, haikutolewa kwa kuuzwa, iache.

Nina jambo moja ambalo hukuliuliza, na nalisema kwa sababu kazi yako ni ya upande wa kinamama. Picha hizo ni amana. Wale akina mama wamevua mabuibui mbele ya kamera yako kwa kuwa aliyeishika ni wewe. Basi Windows na programu ziwe kwenye diski moja ndani ya mashine, na video zote ziwe kwenye diski nyengine ya nje, pamoja na nakala yake ya pili iliyofungiwa kabatini. Mashine ikienda kwa fundi, hata kama fundi huyo ni mimi, inakwenda bila diski ile. Mashine iliyotumika nayo inaweza kuja na diski yenye mambo ya watu wengine. Usiichungulie, ifute yote kabla ya kuweka Windows yako. Na siku ukiuza leptopu yako ya zamani, diski yake itoe ubaki nayo. Kufuta kwa kawaida mara nyingi hakuondoi kitu, na mwenye programu ya bure ya kufufua mafaili anaweza kuyaona.

Ukishapokea i3, iwashe mbele ya muuzaji waya wa kioo ukiwa umechomekwa kwenye mazabodi yenyewe, bila kadi yoyote ndani. Kioo kikiwaka, fungua Task Manager, nenda sehemu ya utendaji, jina la prosesa limeandikwa juu upande wa kulia. Lisome mpaka herufi ya mwisho. Kisha chomeka diski uliyokuja nayo yenye klipu moja ya kamera yako, fungua Premiere, bonyeza kucheza, na uangalie kwenye Task Manager ile sehemu ya GPU, kwenye kigrafu cha kufumbua video. Kikipanda huku kori zimetulia, mpe pesa yake.